Uzinduzi wa Chakula cha Bibi Sikudhani

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani. Inaitwa Jamhuri ya Tumeshafika. Msomaji akihisi anaifahamu, basi ajue amekosea, na asijali, maana kwetu raia wameruhusiwa kukosea. Viongozi ndio hawana ruhusa hiyo, na katika miaka yangu kumi na tisa ya ukarani sijamwona hata mmoja akienda kinyume.

Serikali yetu inawapenda wazee. Nalisema hili mapema ili nisije nikaeleweka vibaya huko mbele. Inawapenda mpaka ikawaundia wizara nzima, Wizara ya Wazee, Upole na Mandhari, yenye jengo la ghorofa saba lisilo na lifti. Mzee yeyote mwenye shida anakaribishwa ghorofa ya saba.

Mimi naitwa Mshamu Kilindo. Nilikuwa karani wa Kata ya Kinuni, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya kinu cha pamba ambacho kilikuwa kikifanya kazi kabla Serikali haijakiboresha. Nilisifiwa kwa mambo mawili: mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na sikuuliza maswali.

Katika kata yetu walikuwapo wazee ishirini na wanne wasioweza kujipikia. Wengine hawakuona, wengine mikono iliwatetemeka, na wengine walikuwa wamebaki peke yao wakasahau kwamba mtu hula. Mwanamke mmoja wa makamo, Tabu Nyangalio, mjane mwenye sauti inayomtangulia nyumba tatu kabla hajafika, alikuja ofisini akaomba jiko la kata lililokuwa limefungwa. Alipewa, kwa sababu Mratibu wetu alikuwa safarini na hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kukataa.

Basi kila siku Tabu na wenzake wawili walipika, wakafunga vyakula kwenye mahotipoti, wakayapakia kwenye baiskeli, na ilipofika saa sita mchana kila mzee alikuwa na sahani mbele yake. Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi minne. Hapakuwa na bango, hapakuwa na fulana, wala hapakuwa na hotuba hata moja. Nakiri kwamba ilikuwa hali ya aibu kwa kata.

Nyumba aliyoimalizia Tabu ilikuwa ya Bibi Sikudhani Mapande, nyuma ya kinu. Aliiacha mwisho makusudi, ili apate kukaa. Bibi Sikudhani alikuwa na miaka sabini na minane, na mguu wake wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti. Mumewe alikuwa amefariki, na mtoto wake wa pekee pia. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya Serikali. Alikuwa amewalisha watoto wengi sana, na baadhi yao sasa walikuwa wakubwa wenye madereva. Mtu aliyepika maisha yake yote hawezi kuletewa chakula akanyamaza.

"Maharage haya umeyaharakisha, Tabu," alisema siku moja niliyokwenda kumpelekea fomu ya kuthibitisha kwamba ni mzee.

"Bibi, yamekaa motoni tangu alfajiri!"

"Yamekaa, ndiyo. Lakini hukuyaangalia."

Tabu akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akakaa kwenye kigoda, akampasulia samaki, akamtolea miiba, wakaanza kusengenya watu wa kata nzima huku bibi akila taratibu. Niliandika kwenye daftari langu kwamba mhudumu alipoteza dakika arobaini.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila mchana kabla ya kula alijidunga sindano ya insulini, kama muuguzi alivyomfundisha, na Tabu alikuwa amemwekea sharti moja: asijidunge mpaka asikie kengele ya baiskeli mlangoni. Ukijidunga na chakula kisije, Tabu alinieleza, sukari inashuka, unatoka jasho, unapotea akili, unazimika. Nilimsikiliza kwa adabu, kama ninavyowasikiliza watu wasio na cheo.

*

Mwezi wa tano Mratibu alirudi. Jina lake Bwana Gwandumi, mtu mwenye suti tatu na tabasamu moja. Alikuta jiko linatoa moshi, akaitisha kikao.

"Nani alizindua programu hii?" aliuliza.

Tabu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Haijazinduliwa," nikasema mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na faili.

"Basi haipo," alisema Bwana Gwandumi.

"Haipo vipi, na wazee wanakula?" akauliza Tabu.

"Wanakula kitu ambacho hakipo, mama. Hiyo ni hatari kwa afya zao."

Siku hiyohiyo aliandika Wizarani. Jibu lilirudi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona: Mheshimiwa Naibu Waziri, Daktari Ponsiano Kalumanzila, angekuja mwenyewe kuzindua Mpango wa Taifa wa Sahani ya Heshima. Kata yetu ikafurahi. Barabara ikachongwa, upande ambao Mheshimiwa angepita. Mawe yakapakwa chokaa. Tukaletewa mahotipoti mapya ishirini na manne, kila moja na picha ya Naibu Waziri kwenye mfuniko, akiwa anatazama juu kama mtu anayenusa mvua.

Kamati ya maandalizi ilikaa siku tisa ikijadili utepe. Mwishowe ikaamuliwa kwamba mahotipoti yote yapangwe kwenye meza kuu, yafungwe pamoja kwa utepe mmoja mwekundu wa mita kumi na moja unaopita katika kila mkono wa kila hotipoti, ili Mheshimiwa akikata mara moja, wazee wote ishirini na wanne wawe wamezinduliwa. Tabu aliuliza kama wazee wangeweza kula kwanza, uzinduzi ufuate. Aliambiwa kwamba swali lake ni zuri na litajibiwa katika awamu ya pili.

Ikapangwa vilevile kwamba baada ya utepe kukatwa, Mheshimiwa atabeba hotipoti moja kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwa mzee mmoja, na televisheni itaonyesha. Mzee aliyechaguliwa alikuwa Bibi Sikudhani. Mguu wake uliokatwa, alisema mpiga picha, ulikuwa na mguso.

*

Asubuhi ya siku yenyewe, Bwana Gwandumi aliniita pembeni.

"Yule bibi anajidunga, siyo?"

"Ndiyo, Mratibu. Kabla ya kula."

"Sindano haipendezi kwenye televisheni. Watu watadhani tuna wagonjwa. Nenda kamwambie mgeni rasmi atafika kwake saa sita kamili. Ajidunge mapema, vitu hivyo vifichwe, kamera zikiingia zikute bibi na chakula tu."

Nikaenda. Nilimkuta amevaa gauni la kitambaa cha bluu na kufunga kilemba kipya. Nilimweleza kama nilivyoagizwa.

"Saa sita kamili?" aliuliza.

"Kamili, bibi. Imeandikwa kwenye ratiba."

"Tabu ameniambia nisubiri kengele."

"Leo hakuna kengele, bibi. Leo kuna msafara. Utasikia ving'ora."

Alifikiri kidogo. "Sawa, baba. Watu wa Serikali hawawezi kunidanganya kwa jambo la chakula. Mimi niliwapikia."

Tukazungumza maneno mengine mawili matatu, nikaaga. Ilikuwa saa tano na nusu. Nilipotoka nilisikia kopo la dawa likifunguliwa.

*

Uwanja ulikuwa umejaa. Chakula kilikuwa kimefungwa kwenye mahotipoti tangu saa tano: wali, samaki wa kupaka na mchicha. Walikuwapo wapiga tarumbeta, kwaya ya watumishi wa afya na mshereheshaji aliyesema kila baada ya dakika tano kwamba itifaki imezingatiwa. Wazee peke yao ndio hawakuwapo, kwa kuwa hawakuweza kutembea, na jambo hilo lilielezwa na kila msemaji kama ushahidi kwamba mpango unahitajika.

Saa sita ilifika. Mgeni rasmi hakufika. Tuliambiwa yuko kata ya jirani anazindua benchi.

Saa saba ilifika. Mshereheshaji akatutangazia kwamba benchi limeshazinduliwa na sasa Mheshimiwa anakaa juu yake. Diwani akatumia nafasi hiyo kusoma historia ya kata. Afisa Mandhari akasoma shairi refu la kuisifu hotipoti.

Karibu saa saba na nusu Tabu alinisogelea. Alikuwa amevaa fulana ya mpango, ndefu mpaka magotini, na uso wake ulikuwa hauna utani.

"Kaka Mshamu, wale wazee wana njaa. Mzee Mbaraka atakuwa analia saa hizi. Na Bibi Sikudhani je? Afadhali tu yeye hajajidunga."

"Usiwe na wasiwasi na Bibi Sikudhani," nikamwambia. Nilitaka kumtuliza. "Ameshajidunga tangu saa tano na nusu. Nilimwambia mimi mwenyewe."

Tabu alinitazama. Sijui nielezeje. Nimetazamwa na wakubwa waliokasirika, nimetazamwa na mahakimu, lakini sikuwahi kutazamwa hivyo.

"Ulimwambia nini?"

Hakusubiri nirudie. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza kuu. Mgambo mmoja akanyoosha rungu. "Mama, rudi nyuma, hiki ni chakula cha wazee." Tabu akapita chini ya rungu, akashika hotipoti ya mwisho, akaivuta, na mahotipoti yote ishirini na manne yakasogea pamoja yakigongana, kwa maana utepe ulikuwa umefungwa vizuri. Akavuta tena. Ukagoma. Mkasi ulikuwa kwenye mto wa hariri mikononi mwa binti wa Diwani, na binti wa Diwani alikuwa amekimbia nao. Basi Tabu Nyangalio, mbele ya Serikali yote ya kata, aliinama akaukata utepe kwa meno.

Mshereheshaji, ambaye ni mtu mwepesi, akasema, "Makofi kwake!" Tarumbeta zikalia. Watu wengi hata leo wanaamini ilikuwa sehemu ya ratiba.

Tabu alipanda baiskeli na hotipoti kifuani. Nami nikamfuata mbio. Sijui kwa nini nilimfuata, sikuwa nimetumwa.

*

Tulimkuta Bibi Sikudhani kwenye kiti chake, ameelekea mlango. Alikuwa ametandika kitambaa mezani na kupanga sahani mbili na vijiko, kwa kuwa alitegemea wageni. Gauni la bluu lilikuwa limelowa jasho. Kichwa kilikuwa kimelala begani, na macho yalikuwa wazi nusu, hayatuoni.

"Bibi! Bibi Sikudhani! Mimi Tabu, nimekuja!" Tabu alifungua hotipoti, akaiona haifai, maana bibi hakuweza kumeza. "Sukari! Kaka Mshamu, tafuta sukari!"

Nyumba ya mtu mwenye ugonjwa ule haina sukari. Nilikimbia kwa jirani, jirani alikuwa uwanjani. Nikaenda nyumba ya pili, nikapata kikombe cha sukari, nikarudi. Tabu akaikoroga na maji kwenye kiganja chake, akampaka kwenye fizi, ndani ya mashavu, huku akimsemesha. "Haya bibi, onja. Ukinisema nimezidisha utamu sitakasirika. Nisemeshe tu, bibi. Nisemeshe."

Midomo ilitikisika kidogo. Tulidhani anarudi.

Nikakimbia tena uwanjani kuomba gari. Yalikuwapo magari sita, yamepangwa kwa ukubwa wa vyeo. Bwana Gwandumi alinieleza, kwa upole kabisa, kwamba likitoka moja mstari utaharibika, na Mheshimiwa ameshaonekana darajani. "Mwambie asubiri kidogo," alisema. "Anakuja kwake hapohapo."

Tulimpeleka kwa mkokoteni wa maji. Mimi nilisukuma, Tabu alimshika kichwa kisigonge mbao. Zahanati ilikuwa na kufuli. Muuguzi alikuwa kwenye kwaya, sauti ya kwanza. Tuliweza kumsikia kutoka pale, akiimba vizuri sana.

Bibi Sikudhani alifia kwenye benchi la nje. Tabu aliendelea kumpaka sukari muda mrefu baada ya hapo, na mimi nilisimama nikiwa na kikombe, nikimwongezea kila aliponyoosha mkono.

*

Sasa nieleze namna Serikali ilivyoguswa.

Mheshimiwa alifika saa tisa akakuta utepe umekatwa. Kwa heshima ya msiba hakusema neno mbele za watu, alisema kwenye gari. Kesho yake Wizara ilitangaza maombolezo ya nusu siku, asubuhi. Mazishini ilimtuma Afisa Mandhari na hotuba ya Naibu Waziri. Hotuba hiyo ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kumkabidhi bibi hotipoti, na kwa kuwa ilikuwa imeshapitishwa na kugongwa muhuri, haikuweza kubadilishwa. Afisa akasimama kando ya kaburi akaisoma yote.

"Bibi Sikudhani," alisoma, "najua umesubiri kwa hamu. Pokea sahani hii. Kula, unenepe. Serikali yako imefika."

Watu walitazama chini. Tabu hakuwapo kusikia, alikuwa mahabusu.

Ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Kukatika kwa Utepe, yenye wajumbe saba. Ilikaa wiki sita. Swali kubwa lilikuwa la kisheria: ikiwa utepe ulikatwa, na tarumbeta zikapigwa, na makofi yakapigwa, je, mpango ulizinduliwa? Na kama ulizinduliwa, yawezekana Naibu Waziri ni Tabu? Mjumbe mmoja, mwanasheria mzee, alishikilia kwamba yawezekana, akaondolewa kwa sababu za kiafya. Meno ya Tabu yalipimwa na kuchorwa. Kifo cha Bibi Sikudhani kilitajwa ukurasa wa sitini na moja, chini, kwa herufi ndogo.

Waliniita siku ya mwisho. Mwenyekiti alinikaribisha chai, akanisogezea karatasi iliyoandikwa tayari.

"Ni jambo dogo tu, Bwana Mshamu. Inasema ulimwelekeza marehemu asubiri chakula, naye akajidunga mapema kwa hiari yake. Ndivyo ilivyokuwa, siyo?"

Nilitaka kusema sivyo. Neno lilikuwa fupi. Nilitazama dirishani, nikatazama chai, nikawaza watoto wangu, nikawaza miaka iliyobaki kabla ya kustaafu.

"Una mwandiko mzuri," alisema Mwenyekiti. "Saini hapo chini."

Nilisaini.

Tabu aliachiwa, kwa masharti kwamba asikaribie utepe wala hotipoti yoyote ya Serikali kwa hatua mia moja. Jiko la kata likafungwa mpaka mpango uzinduliwe upya. Mimi nilipandishwa cheo kuwa Karani Mwandamizi wa Ukweli wa Matukio, na ofisi yangu sasa iko ghorofa ya nne.

*

Miezi miwili baadaye nilikwenda nyumbani kwa Tabu. Nilijiambia nimekwenda kukagua, lakini sikubeba daftari. Nilimkuta uani, mbele ya mafiga matatu, anapika kwenye masufuria yake mwenyewe. Wenzake wawili walikuwa wanachambua mchele. Kando yao yalipangwa mabakuli ya kila rangi yaliyofunikwa kwa sahani na kufungwa vitambaa, ishirini na matatu.

Hakunifukuza. Hakunikaribisha pia. Nilisimama.

"Nilisaini, dada Tabu," nikasema.

"Najua. Ilisomwa redioni." Alikuwa anakoroga bila kunitazama.

"Sikumwambia asubiri. Nilimwambia ajidunge. Alinikumbusha kuhusu kengele, na mimi nikamwambia leo hakuna kengele."

Mwiko ukasimama. Wale wanawake wawili wakaacha mchele.

"Alisema nini kingine?" akauliza Tabu. Sauti yake, ile ya nyumba tatu, ilikuwa ndogo. "Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyezungumza naye. Nataka kujua alisema nini."

Nimeandika taarifa nyingi maishani mwangu na sikuwahi kukosa neno. Pale nilikosa.

"Nilipokuwa naaga aliniita nirudi. Akaniuliza kama nimekula."

Tabu aligeuka, akanitazama.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nimeshiba."